UZI MREFU: Watoto wa Roma ya kale, walivyolelewa, walivyosomeshwa na walivyotumikishwa

Mleta uzi:

Wakuu, habari za jioni.

Humu jukwaani Roma ikitajwa, mjadala unaenda kwa makaisari na majeshi. Watoto hawatajwi kabisa, na wakitajwa ni kwa hoja moja ambayo nimeikuta kwenye nyuzi kadhaa: kwamba Warumi walizika watoto kila kukicha, kwa hiyo walishazoea, akifa mmoja wanatafuta mwingine na maisha yanaendelea. Hoja hiyo siikubali, na leo naleta ushahidi.

Naanza na mvulana aliyeitwa Quintus Sulpicius Maximus. Mwaka 94 BK, enzi za Kaisari Domitian, yalifanyika mashindano ya mashairi mjini Roma. Upande wa Kigiriki walijitokeza washairi 52, na mmojawapo alikuwa mtoto huyu wa miaka 11. Akapewa kisa cha Zeu kumgombeza mungu Jua kwa kumwachia mwanawe Phaethon aendeshe gari la moto, akatunga na kukariri papo hapo, tena kwa Kigiriki. Alitoka uwanjani na heshima zake. Muda si mrefu akafariki, na maandishi ya kaburini yanasema ni ugonjwa pamoja na uchovu wa kusoma usiku na mchana.

Wazazi wake, ambao wanahistoria wengi wanaona walikuwa wametoka utumwani, walifanya nini? Walichonga shairi lake lote kwenye jiwe la kaburi, zaidi ya mistari 40. Katikati wakamweka yeye mwenyewe, sanamu ya kijana mdogo ndani ya vazi la toga, ameshika gombo mkononi, na shairi lilipojaa pembeni likamalizikia kwenye gombo hilo. Halafu wakaandika umri wake: miaka 11, miezi 5, siku 12.

Hizo siku 12 ndizo nataka muzitazame. Mawe ya makaburi ya watoto wa Kirumi yamejaa hesabu za namna hii, miaka, miezi, siku, na mengine yanataja hadi saa. Jiwe hili lilizibwa ndani ya mnara wa lango la Salaria kwa karne nyingi, likaonekana mwaka 1871 lango lilipobomolewa. Mtu aliyeshazoea msiba hahesabu siku za mwanawe namna hii.

Kufa walikufa kweli, hilo sibishi. Makadirio yanayokubalika ni kwamba karibu nusu ya waliozaliwa hawakufika miaka 10. Cornelia, mama yao akina Gracchus, wale ndugu wanasiasa wa Roma, alizaa 12 wakakua 3. Kaisari Marcus Aurelius na mkewe Faustina walizaa wasiopungua 13, na kati ya watoto wa kiume aliyebaki hai baada ya baba yake ni Commodus peke yake. Hao ni wakubwa wa dunia, wenye waganga wa kila aina. Ndiyo maana hata jina halikutolewa mapema. Mtoto wa kike alipewa jina siku ya 8, wa kiume siku ya 9, na siku hiyo ilikuwa na ibada ya kumtakasa. Mvulana aliyezaliwa huru alivishwa hirizi shingoni, wenyewe waliiita bulla, ya dhahabu kwa wenye nacho na ya ngozi kwa wasio nacho, asiivue mpaka atakapovaa toga ya utu uzima.

Nitaendelea na shule na michezo. Karibuni kwa maswali.

Kinyota:

Mkuu uzi mzuri, ila umeruka jambo. Plutarch ameandika kwamba mfalme Numa aliweka sheria mtoto wa chini ya miaka 3 asiombolezwe kabisa, na mkubwa kidogo aombolezwe mwezi mmoja kwa kila mwaka aliouishi, mwisho miezi 10. Sasa watu wanaotunga sheria ya kutomlilia mtoto, unasemaje walikuwa na uchungu?

Mleta uzi:

Kinyota umenipa nafasi nzuri sana. Kwanza, jambo ambalo watu hawalifanyi halitungiwi sheria ya kulikataza. Ukikuta amri ya "msilie", jua pale palikuwa na kilio.

Pili, ni huyo huyo Plutarch. Yeye alikuwa Mgiriki raia wa dola ya Roma, na alifiwa na binti yake Timoxena akiwa na miaka 2. Alikuwa safarini, habari ikamfikia huko, akamwandikia mkewe barua ya kumfariji ambayo tunayo mpaka leo. Ndani yake anamkumbusha tabia ya mtoto wao: alimwomba yaya awape ziwa na watoto wengine, na siyo watoto tu, hata vitu vyake vya kuchezea. Baba wa makamo, mwanafalsafa, anakumbuka mtoto wa miaka 2 alivyotaka midoli yake inyonyeshwe! Barua nzima anamsihi mkewe ajizuie, na mimi nikiisoma naona anajisihi mwenyewe.

Mama Wawili:

Hapo kwa Timoxena nimeumia. Lakini mleta uzi usitupambie. Si ndio hawa hawa walikuwa wanatupa watoto wachanga?

Mleta uzi:

Ndiyo dada, walitupa, na sitalificha. Baba wa familia alikuwa na mamlaka ya kisheria juu ya wanawe mpaka siku anayokufa, na mamlaka hayo yalianza na uamuzi wa kumpokea mtoto au kutompokea. Asiyepokelewa aliachwa njiani au jalalani. Wengine waliokotwa wakalelewa, mara nyingi wawe watumwa. Kwenye mafunjo (karatasi za kale za matete) ya Misri ya wakati wa Warumi kuna mikataba ambapo mwenye mtoto wa kuokota anamlipa mwanamke amnyonyeshe, na mtoto ameshaandikwa humo kuwa mtumwa kabla hajajua kutembea. Kutupa mtoto kulikuja kufanywa kosa la jinai mwaka 374 BK, wakati dola imeshaingia ukristo.

Kuna barua moja ya mwaka 1 KK iliyopatikana Oxyrhynchus, Misri. Hilarion, kibarua aliye Alexandria, anamwandikia Alis, mkewe mjamzito. Anamwambia asiwe na wasiwasi, amtunze vizuri mtoto wao mdogo, na kwamba akilipwa tu atatuma hela. Halafu anasema ukijifungua, akiwa wa kiume mwache aishi, akiwa wa kike mtupe. Mstari unaofuata anamjibu salamu zake: umetuma ujumbe nisikusahau, nitakusahauje? Nakuomba usihangaike.

Nimeirudia barua hiyo mara nyingi na bado inanisumbua. Mtu mwenye huruma kwa mkewe na kwa mtoto aliyepo, anamwagiza yule asiyezaliwa atupwe ikiwa ni binti, na anaandika bila kubadilisha sauti. Kwa hiyo ninaposema waliwapenda watoto, nasema waliwapenda wale waliokwisha kupokelewa. Mlangoni palikuwa na hukumu.

Mleta uzi (inaendelea):

Tuje kwenye siku ya kawaida ya mtoto aliyepita mlango huo.

Kwenye familia zenye uwezo mtoto alikuwa mikononi mwa yaya, mara nyingi mtumwa. Soranus wa Ephesus, tabibu wa karne ya 2, ameandika kwa kirefu jinsi ya kumchagua: awe na afya, asiwe mlevi, asiwe na hasira, na ikiwezekana awe Mgiriki ili mtoto aizoee lugha hiyo tangu utotoni. Mtoto mchanga alifungwa vitambaa mwili mzima ili viungo vinyooke, na siku za mwanzo akalambishwa asali (madaktari wa leo wanakataza kabisa asali kwa mtoto wa chini ya mwaka, kwa sababu inaweza kuwa na vimelea vinavyomdhuru).

Akifika kama miaka 7, shule. Hakuna majengo ya serikali. Mwalimu anapanga chumba kinachotazama barabara au anafundishia kwenye baraza, pazia tu linamtenga na wapita njia. Masomo yalianza kabla jua halijatoka. Mshairi Martial amelalamika kwamba mwalimu jirani yake anapiga kelele na viboko jogoo hata hajawika, watu hawalali. Na mahali pengine anatuachia mstari mmoja mtamu: amkeni, mwokaji ameshaanza kuwauzia watoto kifungua kinywa. Basi mfikirieni mtoto barabarani gizani, mtumwa wa kumsindikiza yuko pembeni, mkate mkononi, begani ana kibao cha mbao kilichopakwa nta na kijiti cha chuma cha kuandikia. Upande mmoja wa kijiti umechongoka wa kuandika, mwingine bapa wa kufuta.

Mshairi Horace anakumbuka wenzake wa kijijini walivyobeba mikoba na vibao mkono wa kushoto, wakipeleka ada mwalimu kila mwezi. Yeye baba yake alikuwa mtumwa aliyeachiwa huru, hakuridhika na shule ile, akampeleka Roma na kumsindikiza mwenyewe shuleni kila siku. Huko mwalimu wake aliitwa Orbilius, ambaye historia imemhifadhi kwa sababu ya fimbo zake.

Mwalimu wa Msingi:

Mkuu mimi niko chaki mwaka wa kumi na kitu. Naomba habari za walimu wenzangu: walilipwaje? Na hizo fimbo zilikuwa za kiwango gani?

Mleta uzi:

Mwalimu, kwenye malipo tunayo amri ya bei ya Kaisari Diocletian ya mwaka 301 BK. Mwalimu wa kusoma na kuandika: dinari 50 kwa mwezi kwa kila mtoto. Wa hesabu 75. Wa sarufi na fasihi 200. Wa ufasaha wa kuhutubia 250. Sasa amri hiyo hiyo inampa kibarua wa shambani dinari 25 kwa siku pamoja na chakula. Piga hesabu: mwalimu wa darasa la chini alihitaji watoto 15 wanaolipa bila kukwepa ndipo amfikie kibarua wa siku 30, na bado kibarua ameshakula juu yake. Kundi likiwa dogo zaidi ya hapo, njaa. Ukali wao hauna uhusiano na hilo pekee, ila ukiwaza mtu wa namna hiyo mbele ya watoto 30 alfajiri, unaelewa kidogo.

Fimbo: kwenye nyumba ya Julia Felix kule Pompeii kuna mchoro wa ukutani wa maisha ya sokoni. Mvulana amebebwa mgongoni na mwenzake, mwingine kamshika miguu, mgongo wazi, anachapwa. Wengine wamekaa, vibao mapajani, macho chini. Hakuna hata mmoja anayetazama. Mchoraji aliliona kuwa jambo la kila siku, kama kuuza viatu.

Lakini walikuwepo waliopinga. Quintilian, mwalimu mashuhuri wa karne ya 1, aliandika wazi kwamba hataki watoto wachapwe: ni fedheha, inamfanya mtoto kuwa sugu kama mtumwa mbaya, na kama mwalimu anajua kazi yake fimbo haina haja. Alitaka watoto wachezeshwe herufi za pembe za ndovu, wasifiwe, waulizwe maswali, washindane. Aliandika hayo karibu miaka 1,900 iliyopita, na wapo wanaombishia mpaka leo.

Fundi Mjukuu:

Na huku Afrika je? Roma si ilishika kaskazini yote?

Mleta uzi:

Shahidi bora wa darasa la Kirumi ni Mwafrika. Augustino, yule wa Hippo, alizaliwa mwaka 354 BK Thagaste, leo ni Souk Ahras, Algeria. Kwenye maungamo yake anasema sala zake za kwanza maishani zilikuwa kumwomba Mungu asichapwe shuleni. Akichapwa, wakubwa walicheka, hata wazazi wake ambao hawakumtakia baya. Alichukia Kigiriki. Alichukia wimbo wa "moja na moja mbili, mbili na mbili nne". Alipenda mpira na hadithi.

Na anatoa hoja ambayo mimi sijaona mtu akiijibu: anasema tuliadhibiwa kwa kucheza na watu wazima ambao nao walikuwa wanacheza, ila michezo ya wakubwa inaitwa shughuli.

Kuhusu michezo yenyewe, mchezo mkuu ulikuwa kokwa, yaani njugu za miti kama jozi. Unapanga tatu chini, ya nne juu, halafu unarusha ya tano kuziangusha, ukiziangusha, zinakuwa zako zote. Waliocheza korosho wakiwa watoto hawahitaji maelezo zaidi. Kaisari Augustus mwenyewe, anasema Suetonius, mwandishi wa maisha ya makaisari, alikuwa anakaa chini kucheza kokwa na watoto wadogo. Kulikuwa na gurudumu la kusukuma, pia, mifupa ya vifundo vya kondoo ya kurusha, wanasesere wa mbao, udongo na kitambaa.

Na kuna hii mpya. Mwaka 2024 wachimbaji wa Pompeii walitangaza michoro ya mkaa kwenye ukuta wa uani, chini kabisa, kimo cha mtoto. Wapiganaji wa uwanjani wawili wawili, wawindaji na nguruwe mwitu, watu wanaocheza mpira, na viganja vidogo vilivyofuatishwa kwa mkaa. Waliochunguza wanakadiria waliochora walikuwa na miaka 5 hadi 7. Miguu ya hao wapiganaji ni vijiti, vichwa ni duara. Wanasema mtoto huyo alichora alichokiona kwa macho yake uwanjani. Mtoto wa miaka 6 alikuwa ameona watu wakichinjana kwa burudani, akarudi nyumbani akachora.

Kinyota:

Sawa mkuu, nakubali kwa hao wenye mawe na shule. Watumwa je? Maskini je? Hao ndio wengi.

Mleta uzi:

Ni kweli, na hapa ndipo pagumu.

Maskini walifanya kazi mapema. Tunao mkataba wa mwaka 66 BK kutoka Oxyrhynchus, baba anaitwa Tryphon, anampeleka mwanawe Thoonis kwa fundi mfumaji kwa mwaka mmoja. Kijana atafanya kila anachoagizwa, na siku atakazokosa atazifidia mwisho wa mwaka. Huyo ana bahati, anapata ufundi. Mjini Roma kuna kaburi la Viccentia, msokota nyuzi za dhahabu. Miaka 9. Kule Baños de la Encina, Uhispania, ukanda wa migodi, kuna jiwe la Quintus Artulus lenye picha ya mtoto amevaa kanzu fupi, miguu peku, mkono mmoja nyundo ya mgodini, mwingine kikapu. Umri ulioandikwa ni miaka 4. Wapo wanaosema vifaa hivyo ni alama tu ya kazi ya familia, na inawezekana. Lakini njia za migodi ya kale zilikuwa nyembamba, na mtoto anapita pasipopita mtu mzima.

Kwa watumwa, someni hati ya mauzo ya mwaka 142 BK kutoka Side, kusini mwa Uturuki ya leo. Kinachouzwa ni msichana wa miaka 10, asili yake Galatia. Bei dinari 280 za fedha. Muuzaji anathibitisha ni mzima, si mtoro, hana kifafa. Jina lake limeandikwa: Abaskantis, "au jina lingine lolote atakaloitwa".

Nimesoma hati nyingi za kale na sijui maneno mengine makatili kama hayo matano ya mwisho. Sulpicius alihesabiwa hadi siku. Huyu hata jina lake ni la muda. Na mnunuzi alikuwa mtu wa Alexandria, kwa hiyo binti alivushwa bahari.

Mama Wawili:

Mmenitia huzuni nyote wawili. Na mabinti wa hao waliozaliwa huru, wao walisoma? Walikuwa watoto mpaka lini?

Mleta uzi:

Baadhi walisoma, hasa wa familia zenye uwezo, lakini utoto wao ulikatizwa. Mvulana alivua hirizi na kuvaa toga ya kiume kwenye miaka 14 hadi 17, wengi siku ya sikukuu ya Liberalia, Machi 17. Msichana sheria ilimruhusu kuolewa akiwa na miaka 12. Kabla ya harusi aliwatolea miungu wanasesere wake.

Pliny Mdogo, mwandishi wa Kirumi, ameandika barua kuhusu binti wa rafiki yake Fundanus, Minicia Marcella. Anasema alikuwa na busara ya bibi na haya ya msichana, alikuwa anamning'inia baba yake shingoni, anawapenda walezi na walimu wake kila mmoja kwa nafasi yake. Harusi ilishapangwa, siku imeshatajwa, wageni wameshaalikwa. Akaugua akafa. Pliny anasema alimsikia Fundanus mwenyewe akiagiza kwamba fedha iliyokuwa ya nguo, lulu na vito vya bibi harusi itumike kununua ubani, marhamu na manukato ya maziko. Pliny anaandika kwamba hakuwa ametimiza miaka 14. Mwaka 1881 kaburi la familia lilipatikana Monte Mario, Roma, na chombo cha majivu yake kimeandikwa miaka 12, miezi 11, siku 7. Baba alikuwa na hesabu kamili kuliko rafiki.

Mwalimu wa Msingi:

Serikali yao haikuwa na mpango wowote kwa watoto maskini?

Mleta uzi:

Ulikuwepo, mwalimu, na kwa Italia ulisambaa hasa chini ya Kaisari Trajan. Kaisari anakopesha wenye mashamba, riba yao inalisha watoto wa mji husika. Bamba la shaba la Veleia, kaskazini mwa Italia, lililofukuliwa mwaka 1747, linaonyesha viwango: mvulana wa ndoa sesta (sarafu ya Kirumi) 16 kwa mwezi, msichana 12. Na linataja idadi yao. Wavulana 245. Wasichana 34.

Haiwezekani mji uwe na wavulana mara saba ya wasichana. Maelezo ninayoyaona yana nguvu ni kwamba familia iliandikisha mtoto mmoja, na kila mzazi mwenye wote wawili alimpeleka anayelipwa zaidi. Mama Wawili aliuliza juu ya mabinti. Hesabu ya waliofika mezani siku ya kuandikishwa ndiyo hiyo.

Kesho usiku nikipata nafasi nitaweka habari za watoto wa kambi za jeshi kule Vindolanda, Uingereza, ambako viatu vyao vya ngozi vimetoka ardhini bado vina umbo la mguu. Mwenye swali aliweke hapa hapa.